Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Soksi ya mtoto ndiyo iliyoleta maneno yote haya. Soksi moja ya manjano, ndogo kuliko kidole gumba cha babu yake, ilianguka nyuma ya kabati la nguo katika chumba kikubwa cha kulala cha mzee Mwai, kule Othaya. Mkewe Murugi alilisukuma kabati ili aiokote, akaona ukuta. Kisha akamwita mumewe polepole, vile mtu huita akiona nyoka ndani ya nyumba na hataki nyoka ajue ameonekana.

Ukuta ulikuwa mweusi tangu sakafuni mpaka kiunoni, na weusi wenyewe ulikuwa na manyoya. Ulinuka kama gunia la viazi lililosahauliwa ghalani. Mwai aliutazama mikono ikiwa nyuma, akasema hilo ni jasho tu, ukuta wa mawe hutoa jasho.

"Baba Anita," Murugi akamwambia, "mimi nimeona jasho tangu nizaliwe. Yenye iko na manyoya sijaona."

Ilikuwa kuvu, na Mwai alijua ni kuvu, lakini kuitaja kwa jina lake hakuweza. Nyumba hiyo aliijenga kwa bonasi ya chai, mwaka baada ya mwaka, mawe akiyachagua moja moja na wajenzi akiwasimamia mpaka wakamchoka. Kanisani, ambako yeye ni mzee wa kanisa, vijana wakioa hushauriwa waende kuitazama nyumba ya Mwai ndipo wachore zao. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba ukuta wake umeota ndevu?

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Binti yao Anita alikuwa amekuja nyumbani na mtoto mchanga, alishwe njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, na uji na mama yake mpaka apate nguvu. Mumewe, Kefa, ni mwalimu wa askari huko Kiganjo, na kwao ni Bungoma. Kwa desturi ya kina Mwai, kijana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba, na Mwai alikuwa amejiandaa kungoja wa pili. Lakini Kefa, kwa heshima yake tu, alisema mtoto aitwe Mwai. Siku hiyo mzee alienda shambani akajifanya anakagua chai, kumbe analia kati ya mistari.

Tangu hapo hakuwa na akili nyingine. Alihama chumba chake kikubwa, yeye na Murugi wakabanana katika kachumba ka wageni, ili Mwai alale katika kitanda cha Mwai. Mvua ndefu ilikuwa imeanza na baridi ya Othaya unaijua. Akapanda ngazi akaziba matundu yote ya hewa juu ya dirisha kwa magunia na sweta kuukuu. Akaleta jiko la makaa na sufuria ya maji juu yake ili chumba kipate mvuke. Nepi zikakosa jua, akafunga kamba toka kabati hadi dirisha zikaukie humo humo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwai aliziba mpaka matundu ya hewa, na ukuta ukamwozea.

Basi alipoiona kuvu alifanya jambo ambalo angefanya mtu yeyote mwenye aibu na ufagio. Alifunga mlango, akaupangusa ukuta mkavu kwa nguvu zake zote. Vumbi lilipanda, likazagaa chumbani, likapita chini ya mlango likaingia sebuleni. Mwai alitoka akipiga chafya, akatangaza kwamba kazi imeisha.

Kesho yake mtoto alianza kukohoa. Keshokutwa kifua chake kililia kama filimbi, na Anita akambeba mbio hadi kliniki ya sokoni. Daktari alimpa dawa, kisha akamwuliza wanalala wapi. Anita akamwonyesha picha ya ukuta kwenye simu. Daktari akasema dawa itasaidia, lakini mtoto asirudi chumba hicho mpaka kuvu itolewe yote, na asilale hata karibu nayo. Akauliza pia ni nani mwerevu aliyeifagia ikiwa kavu. Anita akasema hamjui.

Aliporudi, alimlaza mtoto katika kanyumba ka mbao ka marehemu nyanya yake, upande wa pili wa kiwanja, akaanza kufunga mkoba. Mwai alisimama mlangoni akimtazama.

"Baba, sijakasirika," Anita akasema. "Lakini Kefa anakuja Jumamosi, na akirudi Jumapili, tunaenda na yeye. Kama hiyo kuvu itakuwa imetoka yote, nitabaki. Yote, baba, si ile ya kuonekana peke yake."

Mwai alirudi sebuleni akakaa. Murugi alimletea chai, hakuigusa. Kilichomuuma si gharama wala kazi. Kilichomuuma ni kwamba nyumba ya Mwai ilikuwa imemkataa Mwai, na mlango aliufunga yeye mwenyewe kwa magunia.

*

Jumamosi asubuhi Kefa, aliyekwisha kuelezwa yote na Anita kwa simu, alifika na feni ndani ya boksi lake.

Feni hiyo ina historia. Kefa alipohamishiwa Kiganjo, mama yake, Selpha, alimnunulia feni kubwa ya chuma kama zawadi ya safari, maana kwao Bungoma joto ni joto. Hakuna aliyemwambia kwamba anakokwenda mwanawe maji ya bomba yanauma meno. Miaka yote Kefa ameitunza, kwa kuwa zawadi ya mama haitupwi, na majirani wa Kiganjo walikuwa wakija kuitazama. Sasa ilikuwa imepata kazi.

Kefa aliwahi kusimamia usafishaji wa stoo ya magodoro katika kituo alichokuwa zamani, kwa hivyo shughuli yenyewe aliielewa. Akaieleza sebuleni, amekaa wima, kofia magotini. Kuvu si uchafu wa kufagia, alisema. Kuvu ni kama mbegu, na ukiitikisa kavu umepanda nyumba nzima. Kwa hivyo kwanza chumba kinafungwa, mlango unazibwa kwa nailoni na selotepu kila upande, isipite hata pumzi. Feni inawekwa dirishani ikitazama nje, ili hewa ya humo itoke kwenda zake na isirudi ndani ya nyumba. Ukuta unaloweshwa ndipo ukwaruliwe, na kila kinachobanduka kinaingia ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na mifuko inapitia dirishani. Atakayeingia avae barakoa, glavu na miwani, na asitoke mpaka kazi iishe.

"Vizuri sana," Mwai akasema. "Utavaa hiyo koti yangu ya mvua."

Kefa akaikunjakunja kofia.

"Baba, mimi siwezi kuingia."

Murugi, ambaye kwa heshima hukaa upande mwingine wa chumba mkwe wake akiwapo, alitazama dari. Kwao Kefa, mwanamume hakanyagi chumba cha kulala cha wakwe zake. Hakanyagi, hachungulii, hakitazami hata dirishani. Na kile ni kitanda cha baba mkwe na mama mkwe, hata kama kwa sasa analala mjukuu. Mwai alijua, na hakuweza kumlaumu, kwa sababu hata kwao kina Mwai mkwe hazoei nyumba ya watu hivyo. Pia ndani ya moyo wake alifurahi kwamba mkwe wake amelelewa, ingawa angefurahi zaidi siku nyingine.

"Nitasimama nje ya dirisha nikupe maelekezo," Kefa akasema. "Nitaangalia shamba."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya mfano, aliingia chumbani mwake amevaa nailoni ya kuchumia chai iliyofungwa kiunoni kwa kamba, mabuti, miwani ya kuchomelea vyuma ya jirani Mathenge, barakoa mbili, na mgongoni bomba la kunyunyizia dawa lililojaa maji ya sabuni. Murugi akauziba mlango kwa nje, selotepu juu, chini na pembeni. Anita na mtoto walikuwa salama katika kanyumba ka mbao. Feni ikawashwa, ikanguruma kama lori la kiwanda cha chai likipanda mlima.

Nje, kando kidogo ya dirisha, Kefa alisimama mguu sawa, barakoa usoni, mgongo ukutani, akiitazama migomba. Na kwa kuwa feni ilipiga kelele, alilazimika kutumia sauti yake ya kazi.

"Nyunyizia! Toka juu kwenda chini! Ngoja iloe! Sasa kwarua, polepole!"

Mathenge, aliyekuja kuulizia miwani yake, alimwona askari akiufokea mgomba. Akaamua miwani si haraka, akarudi zake.

Mwai naye ndani, mtu aliyezoea kuamuru wajenzi, alijikuta akitii. Aliponyunyizia kabla ya kuamriwa aliomba radhi. Upande wa kabati ulienda vizuri. Kuvu ilitoka na plasta, ikaingia mfukoni, mfuko ukafungwa, ukafungwa tena, ukapanguswa, ukapitishwa dirishani kando ya feni. Kefa aliupokea kwa mkono uliorudi nyuma, bila kugeuka. Mwai alianza kujisikia mtu tena.

"Vizuri, Baba! Na nyuma ya kitanda?"

Mwai alikitazama kitanda.

Kitanda hicho alikichonga mwenyewe, mti mgumu mzito kama dhambi, na tangu kiwekwe hakijawahi kusogezwa. Kimeegemea ukuta wa nyuma, ule uliokaribiana na ukingo wa kilima. Wakati wa kujenga, mjenzi mmoja alimwambia mzee, tuchimbe mtaro hapa nyuma, maji ya kilima yasije yakakaa. Mwai akamwuliza nani mwenye nyumba. Sasa alipiga magoti, akamulika tochi kati ya ukuta na ubao wa kitanda, akaona. Upande wa kabati ulikuwa mchezo wa watoto. Hapa kuvu ilikuwa imepanda toka sakafuni mpaka pale pale anapoweka kichwa, nyeusi, kijani na nyeupe, na plasta ilikuwa imevimba kama mkate. Yeye na Murugi wamelala hapo miaka yote. Na mtoto amelala hapo tangu aletwe.

Kufagia alifagia kwa ujinga. Lakini huo mtaro aliukataa kwa kiburi, na watu waliokuwapo bado wako hai na wanasali naye. Aibu ilimpanda mpaka miwani ikaingia ukungu. Akafikiria vile Kefa hawezi kugeuka, na vile Murugi hatakisogeza kitanda hiki kamwe.

"Hapa iko safi," akasema.

"Safi kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa, Baba," Kefa akasema, na akaamini. Atafanyaje? Mgongo hauna macho.

*

Mtu akidanganya, mbingu humtafutia mashahidi. Mashahidi wa Mwai walikuja wakiimba.

Kina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuleta itega, zawadi za mtoto, Jumamosi inayofuata. Lakini kukatokea harusi siku hiyo, na mwenyekiti wao Wachuka akaandika kwenye kundi la simu kwamba watakuja Jumamosi hii hii. Murugi hakusoma, maana tangu asubuhi alikuwa akihangaika na selotepu. Ghafla akasikia nyimbo getini, akatazama, akaona kina mama kumi na kitu wamebeba vikapu, ndizi, blanketi la mtoto na kuni, na Wachuka yuko mbele anacheza.

Wageni wa itega hawarudishwi. Hata nyumba ikiungua, utawakaribisha huku unazima. Murugi akawaketisha sebuleni, akaweka chai motoni. Walipouliza mngurumo ule ni wa nini, alisema ni mashine. Walipouliza mzee yuko wapi, alisema anaoga. Walitazamana. Wakasikiliza mashine tena, wakafikiri juu ya mzee na kuoga kwake, lakini kwa adabu hawakuuliza zaidi.

Basi mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Kanyumba ka mbao kalikuwa na bati lenye matundu, maji yakaanza kudondoka karibu na mtoto, na Anita akamfunika akakimbia naye hadi nyumba kubwa. Akaingia sebuleni na kuwakuta kina mama wote. Wakampokea kwa vigelegele, mtoto akapita mkono hadi mkono. Murugi akamkonyeza binti yake, Anita akakonyeza pia. Hakuna aliyejua la kufanya. Mlango wenye nailoni ulikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Na desturi ya itega Wachuka hakutaka ipunguzwe. Mtoto hubarikiwa akiwa kitandani anapolala, kina mama wamemzunguka. Akambeba mtoto, akauelekea mlango wa chumba. Murugi akamwambia ngoja kwanza tunywe chai. Wachuka akasema chai haina miguu, itangoja.

Wakati huo huo, kama ilivyo kawaida yake mvua ikinyesha, umeme ukapotea.

Feni ikanyamaza. Ndani ya chumba Mwai aliona mapanga ya feni yakizunguka taratibu, yakasimama. Hewa iliyokuwa ikikimbilia nje ikatulia, na vumbi jepesi lililokuwa likitoka likabaki likielea usoni mwake. Ukimya ulikuwa mkubwa. Katika ukimya huo akasikia kitu ambacho hakukitarajia: selotepu ikibanduka. Kwa nje, mtu alikuwa akiivuta polepole, na karibu na mtu huyo mtoto alikohoa kidogo.

Sauti ya Wachuka ikasema, "Mama Anita, hii nailoni mmeweka ya nini, kwani ni kwa sababu ya baridi?"

Mwai aliuweka mgongo wake mlangoni. Angeweza kusema anavaa. Angeweza kusema nyumba inapakwa rangi, na kina mama wangesifu. Uongo ulikuwa mwingi na wote ulikuwa karibu. Lakini Wachuka ni mwanamke ambaye ukimwambia kuna rangi atataka kuiona ni rangi gani.

"Wachuka," akasema kupitia barakoa mbili. "Usifungue huo mlango. Rudisha hiyo selotepu. Mtoe mtoto hapo, mpeleke mbali."

"Mzee? Kwani uko huko? Si ulikuwa unaoga?"

"Sikuwa naoga. Nyumba yangu imeoza. Iko na kuvu, na ndiyo imempatia mtoto kifua. Mimi ndio niliziba hewa, na mimi ndio nilikataa mtaro. Ukifungua, yote itakuja hapo kwenu."

Hata mvua ilionekana kupungua ili isikie vizuri. Mwai akageukia dirisha, maana alipoanza kuvuliwa nguo aliona bora amalizie mwenyewe.

"Kefa."

"Naam, Baba."

"Nilikudanganya. Nyuma ya kitanda sijagusa. Ndiko kubaya kuliko kote."

Kefa alikuwa amelowa mpaka mifupani, bado anaitazama migomba. Hakugeuka hata hapo.

"Asante kwa kuniambia, Baba," akasema. "Umeme ukirudi tutaanza na kitanda."

*

Sebuleni, Wachuka alikuwa wa kwanza kusema. Alirudisha selotepu, akaikandamiza kwa kiganja kama anayefunga bahasha, akaketi. Murugi alikuwa ameinamisha kichwa akingoja kuaibishwa.

"Kumbe inaitwa kuvu," Wachuka akasema taratibu. "Mimi kwangu iko nyuma ya sofa. Nimeweka picha ya harusi."

Mwingine akasema kwake iko nyuma ya kitanda cha watoto, na ameweka kalenda. Mwingine ameweka kalenda tatu. Mama mmoja, mpole siku zote, akasema amekuwa akiipaka chokaa kila Krismasi na kila Pasaka inafufuka. Ikaonekana katika kanisa zima hakuna nyumba ambayo haikuzibwa matundu kwa magunia ikifika baridi. Wengine mwaka huu waliyaziba vile kwa kuwa waliona ya Mwai yamezibwa. Murugi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hata yeye hakujua.

Umeme uliporudi na feni kunguruma, likabaki suala la kitanda. Mwai alikisukuma, hakikutikisika. Kina mama wasingeweza kuingia, chumba kimefungwa. Mathenge alipigiwa simu, akasema yuko mbali, kumbe alikuwa akiongea chini ya veranda ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Aliyebaki ni mtu mmoja mwenye mabega, na mtu huyo alikuwa akitazama migomba.

Kefa akampigia mama yake Bungoma. Alimweleza yote, amesimama kwenye mvua, simu ndani ya kofia. Selpha alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kitanda kimetandikwa. Kefa akasema hapana, godoro limefunikwa nailoni. Akauliza kama mama mkwe yumo. Hayumo. Selpha akafikiri kwa muda, kisha akatoa hukumu: chumba kisicho na matandiko, kilichofungwa mlango na kujaa plasta, hicho si chumba cha kulala, ni mahali pa ujenzi. Aingie. Lakini afunge macho, kwa sababu mtu hajui. Halafu akauliza kama feni inafanya kazi vizuri.

Basi Kefa akavaa glavu, akajifunga taulo machoni na barakoa mdomoni, akapanda dirishani kama mwizi kipofu. Mwai akamshika mkono akamshusha. Sasa ikawa zamu ya mzee.

"Mbele hatua mbili," akasema kwa upole. "Inama. Hapo. Shika. Kulia kidogo, kijana wangu. Taratibu, hapo kuna ndoo."

Wakainua pamoja, kitanda kikalia kwa mara ya kwanza tangu kiwekwe, kikasogea. Kefa akauliza ukuta ukoje. Mwai akamwambia, bila kupunguza wala kuongeza, mpaka rangi zake. Wakaulowesha, wakaukwarua, mzee akiwa macho na kijana akiwa mikono, mpaka wakafikia jiwe. Mifuko ikapita dirishani mmoja mmoja. Mwishowe Mwai akapanda ngazi, akayachomoa magunia na sweta kutoka kwenye matundu, na baridi ya Othaya ikaingia bila aibu kama mwenye shamba.

*

Jumapili baada ya ibada Kefa alikuwa tayari kuondoka. Mkoba wa Anita ulikuwa mlangoni, haujafunguliwa wala haujabebwa. Chumba kilikuwa kimeoshwa, sakafu imepanguswa mara mbili, ukuta uko uchi na safi. Murugi alikwisha kukitazama, akaridhika. Kefa, kwa kuwa chumba kilikuwa kimerudi kuwa chumba, hakukitazama.

Anita alimgeukia baba yake, mtoto akiwa begani.

"Baba, wewe ndiye uliyekuwa ndani. Alale hapa au asilale?"

Kila mtu alimtazama. Neno lake moja lilitosha, na yeye alijua neno analolitaka. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha babu yake na hakuwa na haraka. Mwai akaingia chumbani peke yake, akaweka kiganja nyuma ya mahali pa kitanda, akakiacha hapo muda mrefu. Jiwe lilikuwa baridi, na kiganja kikatoka na unyevu.

Alirudi akaubeba mkoba, akautia katika gari la Kefa.

"Ukuta bado iko na maji," akasema. "Mpelekeni Kiganjo mpaka ikauke. Ikirudi kulowa, kuvu itarudi."

Alisimama getini mpaka gari likapotea kwenye kona ya kiwanda. Halafu akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba mtaro. Mjenzi yule wa zamani alipopita na kumwona, Mwai alimwambia kabla hajaulizwa: "Ulisema." Mjenzi akavua koti, akachukua koleo.

Kefa aliiacha feni. Kutwa Mwai alikuwa akikaa mbele yake chumbani, amevaa koti zito, skafu na kofia ya sufi, feni inaupuliza ukuta na ukuta unampuliza yeye. Wachuka alileta watu wa kanisa kuja kuona, na vijana wanaotaka kujenga walionyeshwa mtaro kwanza, nyumba baadaye. Kila jioni Anita alipiga simu, na kila jioni Mwai alienda kwanza kuugusa ukuta, simu ikingoja. Mara nyingi alitamani kusema umekauka. Murugi alimsikia akivuta pumzi kabla ya kujibu.

"Bado," alikuwa akisema. "Bado kidogo, pale chini."

Ilikuwa hivyo mpaka mvua zikapungua na jua la mwezi wa sita likatokeza kidogo. Jioni moja aliweka kiganja, akakiondoa, akakiweka tena. Akaweka na shavu. Kisha akaichukua simu akasema umekauka.

Hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Kabla giza halijaingia, gari la Kefa lilikuwa getini, na Mwai alikuwa amekwisha kutandika kitanda.